Mfarishi wa viraka nyumbani: kuuchora kwa cherehani, kuushona kwa mkono au kuufunga kwa mafundo

Mtu anayetaka kushona mfarishi wa viraka kwa mara ya kwanza huanza na rangi, kisha huuliza ukubwa wa kitanda. Jambo linaloamua kama mfarishi huo utavuka vipupwe viwili humjia baadaye, wakati viraka vimekwisha kuungwa na uso umetandazwa kitandani ukipendeza, nalo ni namna ya kuyashikamanisha matabaka matatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati na bitana ya chini. Yasiposhikamana vizuri, ujazo hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa mara chache, bitana hulegea, na kilichokuwa mfarishi hugeuka gunia lenye vinundu.

Ulinganisho huu unahusu uamuzi huo, kwa mtu anayeshona nyumbani Arusha au Moshi akiwa na cherehani moja ya kawaida, meza ya kulia chakula na mfuko wa mabaki ya vitambaa. Nimeujenga juu ya mifarishi miwili niliyoishona mwenyewe. Wa kwanza ni wa vitenge na mashati, bitana yake ni khanga, uko nyumbani kwangu Moshi mjini, na niliuchora kwa cherehani. Wa pili ni wa suruali za jinzi na blanketi, niliushona kwa ajili ya mdogo wangu anayeishi Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambako baridi ya Julai si ya kutaniwa. Huo, baada ya viraka kuungwa, haukurudi tena kwenye cherehani.

Neno "kuchora" nalitumia kwa makusudi. Katika ushonaji wa kawaida, meno madogo yaliyo chini ya mguu wa cherehani huvuta kitambaa kuelekea nyuma, na urefu wa kila pigo huwekwa kwa kifundo cha mashine. Katika ushonaji wa mwendo huru, meno hushushwa au hufunikwa, mguu wa kawaida hutolewa na kuwekwa mguu wa darizi wenye springi, na mikono ya mshonaji ndiyo inayokipeleka kitambaa mbele, nyuma na kando, kana kwamba karatasi ndiyo inayosogea chini ya kalamu iliyosimama. Mafundi wanaodarizi mashuka na mapazia katika miji yetu wanaifahamu kazi hii kwa jina jingine. Tofauti ni kwamba wao hukaza tabaka moja la kitambaa ndani ya fremu ya duara, ilhali mshonaji wa mfarishi husogeza matabaka matatu kwa viganja vyake, na uzito wa kitanda kizima ukimvuta kutoka ukingoni mwa meza.

Uso: kwa kipimo au kwa jicho

Uso waweza kuungwa kwa kipimo, yaani kwa kukata kiolezo cha karatasi ngumu na kupata miraba inayolingana ambayo huungwa safu kwa safu. Waweza pia kuungwa kwa kubuni palepale: mshonaji huchukua mabaki mawili yaliyo karibu, huyaunga, hupiga pasi, hunyoosha ukingo kwa mkasi, huongeza la tatu palipopungua, na huendelea hivyo mpaka apate vipande vikubwa vya kiasi cha sentimita 30 kwa 30, ambavyo huviunga pamoja mwishoni. Kwa anayetegemea mabaki ya fundi, ambayo huja yakiwa pembe tatu, mikono ya magauni na vipande vyembamba virefu, njia ya pili huacha taka kidogo sana, na kosa la nusu sentimita halionekani. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha wazao wa watumwa kilicho kwenye kona ya Mto Alabama nchini Marekani, walijipatia sifa kwa njia ya namna hii, wakitumia hata nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Houston kama zinavyotundikwa picha za wachoraji.

Kubuni palepale kuna gharama yake, nayo hulipwa wakati wa kuyashona matabaka. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika, na uso wenye vipande vingi vya namna hiyo huwa na mawimbi. Mguu wa cherehani ukifika kwenye wimbi hulisukuma mbele mpaka likawa kunyanzi, na kunyanzi likishashonwa halitoki ila kwa kufumua. Niliepuka sehemu kubwa ya tabu hiyo kwa kuzungushia kila kipande kikubwa utepe uliokatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, na kwa kupiga pasi kwa kubonyeza na kuinua bila kuburuta. Jambo la pili ni majongo, yaani vinundu vya mishono iliyokutana. Mishono minne au mitano ikikutana mahali pamoja, unene hupanda ghafla na sindano hukatika, kwa hiyo inafaa mishono ifunguliwe kwa pasi pande zote mbili badala ya kulazwa upande mmoja. Mshono wa milimita 6 watosha kwa kitenge. Kwa jinzi, ambayo hufumuka kingo, nisingeshuka chini ya sentimita moja.

Anayekusudia kuchora kwa cherehani na achague kubuni palepale bila wasiwasi, kwa sababu mistari ya mwendo huru hupita juu ya viraka pasipo kuvifuata na hufunika kasoro. Anayekusudia kushona mistari iliyonyooka atapata raha zaidi katika miraba ya kipimo, kwa kuwa mstari ulionyooka ukipita kando ya kiraka kilichopinda humwonyesha kila mtu kilivyopinda.

Kitambaa

Kitenge cha pamba ndicho kitambaa rahisi kuliko vyote kwa mwanzo. Hakitelezi, hushika alama ya pasi, na vipande vya mwisho wa jora au mabaki ya fundi hupatikana kwa urahisi. Tahadhari ni kwamba baadhi ya vitenge vinavyouzwa sasa ni poliesta vyenye sura ya pamba. Chomoa nyuzi chache uziunguze: pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kinundu kigumu. Kitambaa hicho si kibaya kwa kila kazi, lakini pembeni mwa pamba husinyaa chini ya pasi ya moto, na kwa anayetumia pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto, ni hasara ya hakika.

Mashati ya pamba ya mtumba, yanayopatikana katika soko la Memorial kwa mkazi wa Moshi na soko la Kilombero kwa mkazi wa Arusha, yana faida isiyosemwa sana: yamekwisha kufuliwa mara nyingi, yamenywea kadiri yatakavyonywea, na hayatoi rangi. Kitenge kipya hakina sifa hiyo. Chafaa kifuliwe kwanza ili wanga wake utoke, kisha kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiacha rangi, kifuliwe tena au kiwekwe kando. Nyekundu na buluu nzito ndizo nilizozikuta na makosa.

Khanga ni nyepesi kwa uso lakini ni bora sana kwa bitana. Doti moja, vipande viwili vikiungwa kwa pande zao ndefu, hutoa kiasi cha sentimita 150 kwa 215, na kwa kuwa bitana yapaswa kuuzidi uso kwa sentimita chache kila upande, doti hiyo yatosha mfarishi wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita. Kwa kitanda cha tano kwa sita itabidi kuongeza kitenge pembeni. Jina la khanga lichaguliwe kwa makini, maana atakayelala chini ya mfarishi atalisoma kila asubuhi atakapoukunja. Mimi nilinunua kwa kufuata rangi, na leo mgeni wangu hulala chini ya onyo kali kuhusu majirani.

Jinzi ni habari nyingine kabisa. Huleta joto na hudumu, lakini uzito wake huamua kila kitu kitakachofuata, na hapo ndipo mshonaji wa mara ya kwanza hujifunga mwenyewe kabla hajaanza.

Ujazo ndio unaochagua njia

Wengi huchagua njia ya kushona kwanza, kisha hutafuta ujazo wa kuifuata. Mpangilio huo umegeuzwa. Kila ujazo una umbali wake wa juu kabisa kati ya mshono na mshono, na ukiuvuka umbali huo, ujazo huhama.

Blanketi jepesi la flisi, lile linalouzwa kwa wingi kwenye mitumba, ni kipande kimoja kilichoshikamana chenyewe. Halihami hata likishonwa kwa umbali wa sentimita 15, halinywei, na hukauka upesi. Udhaifu wake ni kuvutika kwa upana, hivyo lazima litandazwe bila kuvutwa. Blanketi zito nalo halihami, lakini chini ya uso wa jinzi hutengeneza unene ambao cherehani nyingi za nyumbani huupita kwa kulazimishwa.

Faiba ya kutandaza, ile ambayo mafundi wa makochi hulaza juu ya sponji, ni nyepesi, huvimba vizuri na huleta sura ya mfarishi wa dukani. Haina uzi wa kuishika, kwa hiyo huchanika ndani kwa ndani isiposhonwa kila baada ya sentimita 8 hadi 10. Hapa mwendo huru una nafasi yake, kwa sababu mistari inayozunguka huifunika faiba pande zote, wakati mistari iliyonyooka huishika kwa upande mmoja tu. Faiba haipendi pasi. Ukiibonyeza kwa joto hubaki bapa.

Shuka kuukuu la pamba, moja au mawili, hutoa mfarishi mwembamba unaofaa Moshi mjini kwa miezi mingi ya mwaka. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko chini zaidi ya hapo, na tofauti hiyo huhisiwa usiku. Mfarishi wa mashuka mawili, ambao ulinitosha mimi kuanzia Septemba hadi Mei, mdogo wangu aliurudisha baada ya usiku mmoja.

Sufi, ambayo wazee wetu walijazia mito na magodoro, niliijaribu katika kipande kidogo cha majaribio na sitairudia. Imelegea mno, na kuishika kunahitaji mishono ya karibu mno kiasi kwamba joto lote lililokuwa ndani yake hubanwa.

Ufuaji nao uhesabiwe hapa. Wengi wetu tunafua kwa mkono, na mfarishi wa jinzi na blanketi zito ukilowa hauinuliki na mtu mmoja, achilia mbali kukamuliwa. Mwezi Juni na Julai, wakati mawingu yameufunika Meru tangu asubuhi hadi jioni, mfarishi huo waweza kukaa kambani siku tatu na kuanza kunuka kabla haujakauka. Wa flisi hukauka kwa siku moja au mbili. Mshono uliochorwa kwa karibu hustahimili kukamuliwa; mafundo yaliyofungwa kwa umbali huvutwa, na kama uso ni wa kitambaa chepesi, huutoboa.

Njia zenyewe

Kufunga kwa mafundo ndiyo njia ya haraka. Matabaka hutandazwa, hushikizwa kwa pini, kisha sindano nene yenye uzi wa kufumia hupitishwa chini na kurudishwa juu, na ncha mbili hufungwa mara mbili na kukatwa. Umbali wa sentimita 10 hadi 12 unatosha kwa blanketi. Mfarishi wa Ngaramtoni ulifungwa hivyo katika sehemu yake kubwa, kwa jioni mbili, na haukuhitaji umeme, cherehani wala ustadi. Kwa faiba njia hii ni ya mashaka, na kwa mtoto mdogo haifai, maana vidole na meno yake hugeuza mafundo kuwa mchezo.

Kushona kwa mkono kunachukua muda mrefu kuliko njia zote na kunasamehe makosa kuliko njia zote. Hakuna kunyanzi linaloshonwa kwa bahati mbaya, kwa sababu mkono husimama kabla ya kosa. Uzi wenye urefu wa kiasi cha sentimita 45 unatosha kwa mara moja, kwani ukizidi hapo hujisokota. Fundo lake huvutwa mpaka likatumbukia ndani ya ujazo. Na kidole cha kati huvaa subana. Kwenye vitenge na flisi kazi hii ni ya kupumzikia. Kwenye jinzi inaumiza. Nilijaribu kushona mfarishi wa mdogo wangu wote kwa mkono, nikafika theluthi moja kabla ya kidole kuvimba, ndipo nikamalizia kwa mafundo. Anayeutazama sasa hudhani ulipangwa hivyo.

Kuna namna ya kushona kwa mkono ambayo naitaja kwa sababu inaunganisha kubuni na kushona katika tendo moja, na kwa sababu wenye nayo ni ndugu wa mbali wa pwani ya Afrika Mashariki. Wasidi wa jimbo la Karnataka nchini India, watu wenye asili ya Afrika, hutandaza bitana, kwa kawaida sari kuukuu, kisha huanza kuweka viraka pembeni na kuvishona hapohapo kwa mishono midogo inayopita tabaka zote, wakizunguka kutoka ukingoni kuelekea katikati mpaka nafasi iishe. Katika pembe nne huweka vipande vidogo vilivyokunjwa ambavyo huviita maua, na bila hivyo mfarishi huhesabiwa haujavikwa. Faida ya njia hii ni kwamba uso hauungwi kwanza, kwa hiyo hakuna mawimbi wala majongo ya mishono mitano. Kila kiraka hulazwa juu ya mwenzake na kukunjwa ukingo. Mtu asiye na cherehani kabisa, mwenye jioni nyingi na mabaki laini, nisingempa ushauri mwingine.

Mistari iliyonyooka kwa cherehani huonekana kuwa njia rahisi, nami niliamini hivyo. Shida ni kwamba meno huvuta tabaka la chini huku mguu ukilizuia la juu, na baada ya mistari kumi uso umesogea sentimita mbili mbele ya bitana. Wenye mguu maalumu unaovuta kutoka juu pia hawapati shida hiyo, lakini mguu huo haupatikani kwa urahisi kwa mashine zetu za kawaida. Asiye nao alegeze skrubu ya mgandamizo iliyo juu ya nguzo ya mguu, arefushe pigo mpaka milimita 3 au 4, na ashikize kwa karibu sana.

Ndipo tunafika kwenye mwendo huru, unaohitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa una makosa mengi ambayo yote hutokea katika dakika kumi za mwanzo, na mshonaji asiyeyajua huamini kwamba mashine yake imeharibika.

La kwanza ni kusahau kushusha wenzo wa mguu. Mguu wa darizi haukigusi kitambaa kwa nguvu hata ukishushwa, kwa hiyo jicho halioni tofauti. Lakini wenzo ukiwa juu, uzi wa juu haubanwi, na chini ya mfarishi hujitengenezea kiota cha nyuzi. La pili ni kuanza bila kuuvuta uzi wa bobini juu. Unashusha sindano mara moja, unaiinua, unavuta uzi wa juu mpaka kitanzi cha uzi wa chini kitokeze, unazishika ncha zote mbili, ndipo unaanza. La tatu ni mwendo. Hakuna tena kifundo cha kuamua urefu wa pigo: mkono ukikimbia na mashine ikizubaa, mapigo huwa marefu kama meno ya msumeno; mashine ikikimbia na mkono ukisita, hurundikana mahali pamoja na uzi hukatika. Na mkono ukiurusha mfarishi kwa ghafla, sindano huinama, hugonga bamba la chuma na huvunjika, ndiyo maana mimi huvaa miwani hata mchana.

Nilihangaika na jambo hilo la tatu wiki nzima, mpaka nikapeleka kipande changu cha majaribio kwa fundi mmoja wa darizi wa karibu na nyumbani. Aliniomba nishone mbele yake, akatazama kidogo, akasema, "Dada, mikono yako inakimbia na mashine imesimama."

"Sasa nifanyeje, fundi?"

"Kanyaga kwanza ichangamke, mkono ufuate. Na usiangalie sindano, angalia unakokwenda."

Hayo ya mwisho yalinisaidia kuliko yote niliyokuwa nimejaribu peke yangu. Macho yakiganda kwenye sindano, mikono hutetemeka; yakitangulia sentimita mbili mbele, mstari hunyooka wenyewe. Glavu zenye mpira kiganjani, hata zile za kazi za bustani, huongeza mshiko ili vidole visichoke kwa kubana kitambaa.

Kuhusu michoro, anza na mstari unaotangatanga bila kujikata, kama njia ya konokono ukutani. Vitanzi vilivyounganika hufuata, kisha mizunguko inayojikunja ndani na kutoka. Majani ya migomba, ambayo niliyatamani tangu mwanzo kwa sababu uso wangu ulikuwa na kijani nyingi, yanadai kurudi juu ya mstari uliokwisha kushonwa, na mkono usiozoea hauwezi kurudi palepale. Fanya kipande cha sentimita 40 kwa 40 chenye ujazo uleule kwa mazoezi, na ukichore mpaka kijae.

Kushikiza na nafasi ya mezani

Njia zote hudai kushikiza, lakini kwa viwango tofauti. Kwa mafundo, pini chache zinatosha. Kwa mkono, mishono mirefu ya bandi iliyopishana kwa umbali wa sentimita 15 inafaa, na huondolewa kazi inapoendelea. Kwa mwendo huru, pini za kufunga ziwekwe kila upana wa kiganja, kuanzia katikati kwenda nje, bitana ikiwa imekazwa sakafuni kwa utepe wa gundi bila kuvutwa. Bandi haifai hapa kwa sababu mguu wa darizi hunasa katika nyuzi zake. Nilitumia jioni nzima nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya sebule, na ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ambayo ningelipa mtu anifanyie.

Kikwazo kingine ni uwazi ulio kati ya sindano na nguzo ya mashine, ambao katika cherehani nyingi za nyumbani ni sentimita 16 hadi 20 tu. Nusu ya mfarishi lazima ikunjwe ipite ndani ya uwazi huo. Kwa uso wa vitenge na flisi wa sentimita 140 kwa 200 inawezekana, ingawa kwa kusukumana. Kwa jinzi na blanketi la kitanda cha sita kwa sita haiwezekani, na anayejaribu atachoka bure. Weka meza ya pili upande wa kushoto na kiti nyuma ya mashine, ili mfarishi usining'inie, kwa kuwa uzito unaoning'inia ndio unaovunja sindano.

Cherehani ya kukanyaga na ya umeme

Wengi hudhani mwendo huru ni kazi ya mashine ya umeme pekee. Nimejaribu zote mbili. Cherehani nyeusi ya kukanyaga huacha mikono yote miwili huru, huenda taratibu kadiri mguu upendavyo, na haikatwi na umeme katikati ya mzunguko, jambo ambalo kwenye mashine ya umeme lilinitokea mara tatu katika mfarishi mmoja na kila mara liliacha kituo kinachoonekana. Baadhi ya mashine hizo zina kifundo cha kushushia meno. Zisizo nacho hufunikwa meno kwa kipande cha plastiki nyembamba kilichotobolewa tundu la sindano na kubandikwa kwa utepe wa gundi. Udhaifu wake ni kwamba gurudumu likianza kurudi nyuma kwa bahati mbaya, uzi hukatika papo hapo, na mwenye haraka hukasirika.

Ya umeme ina nguvu sawa kila wakati, na nyingine huwezesha kuweka kikomo cha kasi; iweke nusu. Kwa mikono ambayo haijawahi kukanyaga, ndiyo nyepesi zaidi kujifunzia. Kwa aliyelelewa na cherehani ya kukanyaga, sioni sababu ya kununua nyingine kwa ajili ya mfarishi. Katika zote mbili tumia sindano mpya namba 14 kwa vitenge, namba 16 au 18 kwa jinzi, na uzi imara wa rangi inayokaribiana na viraka vingi. Uzi mweupe juu ya kitenge cheusi huonyesha kila kusita kwa mkono.

Uamuzi

Kwa mfarishi wa kwanza wa mtu mwenye cherehani yoyote inayofanya kazi, ningependekeza uso wa kubuni palepale wa vitenge na mashati ya mtumba, flisi katikati, doti ya khanga chini, na mwendo huru wa mstari unaotangatanga, kwa ukubwa usiozidi kitanda cha futi tatu na nusu. Mwenye jinzi asihangaike na cherehani baada ya kuunga viraka. Afunge kwa mafundo juu ya blanketi jepesi, akijua kwamba kufua kutahitaji watu wawili. Mwenye faiba achore kwa karibu au aachane nayo. Asiye na cherehani afuate Wasidi.

Ukingo, kwa njia yoyote, niliumalizia kwa taraza ya kitenge iliyokatwa kwa upana wa sentimita 6 na kukunjwa mara mbili, ikashonwa upande wa juu kwa cherehani na upande wa chini kwa mkono. Mdogo wangu ameomba wa pili, safari hii wa kitanda cha tano kwa sita. Nimekwisha kumjibu kwamba mashati anaweza kuanza kunikusanyia, ila suruali za jinzi abaki nazo.